Mwanya Kati ya Miti: Gofu ya Visahani Katika Misitu na Milima ya Vermont

Gofu ya visahani ni mchezo ambao mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kutoka mahali palipowekwa alama hadi kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia juu yake, akijitahidi kufika kwa mirusho michache iwezekanavyo. Hesabu ya alama, mzunguko wa mashimo kumi na manane na hata neno "shimo" lenyewe, ijapokuwa hakuna ardhi iliyochimbwa, vimerithiwa kutoka gofu ya fimbo na mpira. Kisahani kinachozungumziwa hapa si kile kizito cha wanariadha, bali ni chepesi, chenye kipenyo cha takriban sentimita 21 na uzito ambao kwa aina nyingi haufiki gramu 180, nacho hakiendi kwa nguvu ya msukumo pekee, bali huelea, hupinda na kushuka kwa kutegemea hewa inayopita juu na chini yake. Katika uwanda ulio wazi sifa hiyo huwapendelea wenye mikono yenye nguvu. Katika msitu ulio kwenye miteremko, ambako kisahani hutakiwa kupita kati ya shina na shina kabla hata hakijaanza kuelea, mizani hubadilika, na mchezo ule ule huwa mtihani wa jambo jingine kabisa, yaani uwezo wa mchezaji kutambua ni mrusho upi anaumudu kweli na ni upi anautamani tu.

Tofauti hiyo huonekana waziwazi mtu akiitazama rekodi ya dunia ya umbali. Mwaka 2016 David Wiggins Jr. wa Marekani alirusha kisahani mita 338 katika jangwa la Nevada, mahali penye upepo mkali na pasipo na kizuizi chochote, na hapana shaka kwamba mrusho ule ni miongoni mwa maajabu ya mchezo huu. Hata hivyo, mtu mwenye uwezo wa nusu tu ya umbali huo akisimama mbele ya njia ya msituni yenye urefu wa mita 90, iliyopinda mara moja na kupanda kilima, atagundua kwamba sehemu kubwa ya nguvu zake haina pa kutumika, na kwamba kila nguvu anayoiongeza huongeza pia kasi ambayo kisahani chake kitaugonga mti.

Mti haukuja baadaye katika mchezo huu kama nyongeza. Ed Headrick, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Wham-O na ambaye mwaka 1967 alipata hataza ya kisahani kilichoboreshwa cha Frisbee, alijenga uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove huko California, bustani ambayo jina lake humaanisha kichaka cha mialoni. Shabaha za mwanzo zilikuwa nguzo tupu, jambo lililozua ubishi wa mara kwa mara kuhusu kama kisahani kimeigusa nguzo au kimepita kando, na ubishi huo ndio uliomfanya Headrick abuni kikapu cha minyororo, ambamo kisahani hupoteza kasi kikadondoka ndani mbele ya macho ya wote. Hataza ya kikapu hicho ilitolewa mwaka 1977. Katikati ya hatua hizo mbili, mwaka 1976, alianzisha chama cha wachezaji wa kulipwa kinachojulikana kwa kifupi cha PDGA, ambacho hadi leo ndicho kinachotunga kanuni. Mageuzi makubwa yaliyofuata yalikuja mwaka 1983, pale Dave Dunipace alipounda kisahani chenye ukingo uliochongoka badala ya ule wa mviringo, na tangu hapo umbali na kasi vikaongezeka kiasi kwamba viwanja vya bustanini vilivyotosha zamani vilianza kuonekana vifupi. Wasanifu wengi walijibu kwa kurefusha mashimo. Wengine, na hao ndio wanaostahili kushukuriwa zaidi, walijibu kwa kuingia msituni.

Mfano mmoja wa jibu hilo upo katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, chini ya safu ya Milima ya Kijani, karibu na mlima Mansfield ambao ndio mrefu kuliko yote jimboni humo kwa kimo cha takriban mita 1,340. Mahali penyewe panaitwa Smugglers' Notch, maana yake Mwanya wa Wafanyamagendo, kwa sababu Marekani ilipopitisha sheria ya vikwazo vya biashara mwaka 1807, wakati wa urais wa Thomas Jefferson, wakazi wa maeneo hayo ambao riziki yao ilitegemea soko la Kanada waliendelea kupitisha mifugo na bidhaa kwa siri katika upenyo mwembamba ulio kati ya milima. Leo panajulikana zaidi kwa michezo ya kuteleza kwenye theluji, lakini theluji inapoyeyuka miteremko ile ile huwa na viwanja viwili vya gofu ya visahani, kimoja kikiitwa Fox Run Meadows, ambacho sehemu yake kubwa iko kwenye malisho ya wazi, na kingine Brewster Ridge, ambacho kimejificha msituni. Mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa yalifanyika hapo mwaka 2018 na yakarudi mwaka 2023, na ukaribu wa viwanja hivyo viwili uliwalazimu washindani wale wale kuthibitisha ubora wao katika aina mbili za ardhi zinazodai tabia mbili tofauti.

Msitu huo una historia inayoeleza kwa nini ni mgumu. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya Vermont ilifyekwa kwa ajili ya kondoo wa Merino, ambao kufikia mwaka 1840 walizidi idadi ya watu kwa mbali, na vilima vilivyofunikwa na majani leo vilikuwa malisho yaliyogawanywa kwa kuta za mawe. Soko la sufu lilipoanguka na wakulima wengi walipohamia magharibi kwenye ardhi yenye rutuba zaidi, miti ilirejea yenyewe, na sasa takriban robo tatu ya jimbo ni msitu, ambamo mtu bado anaweza kukutana na ukuta wa mawe usiogawa chochote tena. Msitu uliozaliwa upya namna hiyo huwa na mashina mengi yaliyo karibu karibu, kwa kuwa miti iliota pamoja na bado inashindania mwanga: miti ya meipo, ambayo utomvu wake huchemshwa na kuwa shira, pamoja na miti ya jamii ya misonobari yenye matawi yanayoshuka chini. Msanifu wa uwanja katika mazingira hayo hafanyi kazi ya kujenga vizuizi, kwa kuwa vizuizi vimemtangulia. Kazi yake ni kuchagua ni miti ipi michache iondolewe ili pawe na mwanya, na uchaguzi huo ndio unaotenganisha uwanja mgumu na uwanja usio wa haki. Shimo ambalo halina njia inayoonekana, ambapo mchezaji hodari na mchezaji dhaifu hurusha kwa kubahatisha na kupata matokeo yale yale, halipimi chochote, hata kama linamtoa jasho kila anayelicheza.

Ugumu wa mwanya unaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Mwanya wenye upana wa mita 3 ulio umbali wa mita 20 kutoka jukwaa la kurushia humruhusu mchezaji kukosea kwa takriban nyuzi 4 kila upande wa mstari aliokusudia. Mwanya wa upana ule ule ukiwa umbali wa mita 60, ruhusa hiyo hupungua hadi chini ya nyuzi moja na nusu, yaani mkono ukichelewa kuachia kisahani kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, mrusho umeharibika. Isitoshe, mashimo mengi ya msituni huwa na mianya miwili inayofuatana, na hapo ndipo hesabu huwa chungu, kwa sababu mchezaji anayefaulu kupenya kila mmoja mara saba katika majaribio kumi atafaulu kupenya yote miwili kwa mrusho mmoja karibu nusu ya mara tu. Mchezaji mwenye busara hujiuliza basi kama si afadhali kutua baada ya mwanya wa kwanza, mahali panapompa mrusho wa pili ulio wazi, kuliko kukitafuta kikapu kwa mrusho mmoja na kuishia nyuma ya shina asikoweza hata kukiona.

Kuujua mwanya hakutoshi ikiwa mtu hajui namna kisahani kinavyosafiri. Mchezaji wa mkono wa kulia anayerusha kwa bekihendi, yaani kwa kuuvuta mkono kutoka upande wa kushoto wa kifua na kuufungua kuelekea mbele, hukifanya kisahani kizunguke kwa mwelekeo wa mishale ya saa kikitazamwa kutoka juu. Kisahani kinachozunguka kina tabia ya pia inayochezwa na watoto: kikisukumwa na nguvu fulani hakiinami upande nguvu inakoelekea, bali huinama upande ulio pembe mraba nayo. Mwanzoni, kasi ikiwa kubwa, hewa huelekea kuishusha pua ya kisahani, yaani ukingo wake wa mbele, na kwa sababu ya mzunguko huo kisahani huinama kulia badala yake. Kasi inapopungua, hewa huelekea kuiinua pua, na kisahani huinama kushoto na kumalizia safari upande huo. Mrusho wa fohendi, unaotoka ubavuni mwa mkono wenyewe kama mtu anayerusha jiwe juu ya uso wa maji, hugeuza mzunguko na kwa hiyo hugeuza upande wa kumalizia. Juu ya hayo kuna pembe ya kuachia: kisahani kikiachiwa huku ukingo ulio mbali na mkono umeshushwa, mrusho huo huitwa haiza, na mkunjo wake hutabirika kuliko mingine yote; ukingo huo ukiinuliwa, mrusho huitwa anihaiza, nao huhitaji ustadi zaidi kwa kuwa kisahani hupigana na tabia yake mwenyewe kabla ya kunyooka.

Msituni maarifa haya hayawezi kuahirishwa. Njia inayopinda kulia kwa mita 70 humdai mwenye mkono wa kulia ama fohendi, ama anihaiza, na asiyekuwa na hata mmoja kati ya hiyo hana budi kulicheza shimo hilo kwa vipande. Uchaguzi wa kisahani nao hubadilika. Visahani vya masafa, vyenye ukingo mpana na uliochongoka, huhitaji kasi kubwa ili vifuate njia vilivyoundiwa, na vikikosa kasi hiyo huanguka upande mmoja mapema; visahani vya kati na vile vya kumalizia, vyenye ukingo butu, huenda taratibu na kunyooka kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana wachezaji wazoefu wakiingia msituni huonekana wakitumia visahani vya polepole mahali ambapo mgeni angetoa kile cha kasi kuliko vyote alivyonavyo, na wakapata umbali unaotosha pamoja na njia inayonyooka.

Hata hivyo jambo linalowatenganisha wachezaji wa msituni kuliko ustadi wowote wa mkono ni wanachofanya baada ya kugonga mti. Kila mmoja hugonga, bingwa wa dunia akiwemo. Kisahani kimetua mita 15 ndani ya kichaka, kikapu kiko mita 50 mbele, na kati ya viwili hivyo kuna upenyo mdogo ambao macho yaliyoumizwa na kosa la kwanza huuona mpana kuliko ulivyo. Njia ya pili, badala ya kuujaribu upenyo huo, ni mrusho mfupi wa pembeni unaokirudisha kisahani kwenye njia wazi bila kusogea mbele hata hatua moja. Anayekubali mrusho huo wa pembeni hupoteza alama moja anayoijua. Anayeukataa mara nyingi hupoteza mbili au tatu asizozitarajia, na kwa bahati mbaya ile mara moja anayofaulu hukaa katika kumbukumbu yake kwa miaka, ikimshawishi kujaribu tena. Yapo pia matukio ambayo njia pekee hupita chini kabisa, kati ya matawi na ardhi, na mchezaji hupiga goti moja kwenye majani yaliyooza ili kuachia kisahani kikiwa sentimita chache juu ya mizizi. Msemo wa mtaka cha mvunguni hapa hauna haja ya kufasiriwa.

Kanuni zenyewe huulinda msitu dhidi ya tamaa ya mchezaji. Anatakiwa kusimama nyuma ya mahali kisahani kilipotua, mguu au goti lake likigusa sehemu ya ardhi yenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30, na haruhusiwi kuvunja tawi wala kulifunga ili kujitengenezea njia, bali achague namna ya kusimama ambayo itasogeza mimea kwa kiasi kidogo kuliko namna nyingine yoyote. Ana sekunde 30 za kurusha. Kwa maneno mengine, msitu huchezwa kama ulivyo, na mchezaji ndiye anayejikunja.

Mlima huongeza kipimo kingine ambacho picha na ramani hazikionyeshi vizuri. Wasanifu wengi hukadiria kwamba kila mita moja ya kupanda huongeza takriban mita tatu katika urefu wa shimo, hivyo shimo la mita 90 linalopanda mita 8 huchezwa kana kwamba lina mita 114. Mgeni hujibu kwa kuinua pua ya kisahani ili kukielekeza juu, na kisahani chenye pua iliyoinuka hupunguza kasi ghafla, huinama kushoto mapema na kugonga miti ya pembeni karibu na mahali kilipotoka. Anachopaswa kukiinamisha ni mwili wake wote, mabega yafuate mteremko, ili kisahani kitoke sambamba na ardhi inayopanda. Kwenye kushuka kosa huwa la aina nyingine. Kisahani hubaki hewani muda mrefu kuliko kawaida, na kila tabia yake, ya kuinama kulia na ya kurudi kushoto, hupata nafasi ya kukua, kwa hiyo kosa dogo la pembe ambalo uwandani lingegharimu mita 2 hugharimu 10.

Lakini mahali ambapo kilima hutesa zaidi ni karibu na kikapu. Msanifu akikiweka kikapu kwenye ukingo wa mteremko, mrusho wa kumalizia wa mita 8, ambao kwenye tambarare hauhitaji mjadala, huwa uamuzi mzito, kwa sababu kisahani kinachokosa minyororo kinaweza kutua kwa ukingo wake na kuviringika kama gurudumu hadi mita 30 chini, miongoni mwa miti. Kanuni inadai kwamba ndani ya mita 10 kutoka kikapuni mchezaji aonyeshe kuwa amesimama imara baada ya kuachia kisahani kabla ya kusonga mbele, na kwenye ardhi iliyoinama, yenye mizizi inayoteleza baada ya mvua, hilo pekee ni kazi. Wapo wanaolalamika kwamba kuviringika ni bahati tupu. Malalamiko hayo yana ukweli nusu: namna kisahani kinavyotua haitabiriki, lakini uamuzi wa kurusha kwa nguvu kuelekea bondeni, badala ya kukisogeza taratibu karibu na kikapu, ulikuwa wa mchezaji mwenyewe.

Matokeo ya mwaka 2023 yanaunga mkono hoja kwamba msitu huthamini nidhamu. Isaac Robinson, kutoka jimbo la Georgia lenye misitu mingi ya misonobari, na Kristin Tattar wa Estonia, nchi ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni msitu, walitwaa ubingwa wa dunia pale Vermont, na mapema mwaka huo huo wote wawili walikuwa wameshinda mashindano ya Champions Cup katika uwanja wa Northwood Black huko Illinois, ambao ni miongoni mwa viwanja vyenye miti iliyosongamana zaidi katika ngazi ya juu ya mchezo. Wachezaji wanaorusha mbali kumshinda Robinson wapo wengi. Wanaopita mianya kwa uthabiti kama wake, siku baada ya siku, ni wachache.

Kwa upande wa mchezaji wa kawaida, ambaye hashindanii kombe lolote, Vermont humpa adui mwingine wakati wa vuli, pale majani ya meipo yanapogeuka mekundu na ya rangi ya chungwa na kuanguka kwa wingi. Kisahani chekundu, kilichoonekana vizuri mno wakati wa kiangazi, huingia chini ya majani hayo na kutoweka, na kanuni hutoa dakika 3 tu za kukitafuta kabla hakijahesabiwa kuwa kimepotea, jambo linaloleta adhabu ya mrusho mmoja pamoja na kurudia pale kiliporushwa. Wenyeji hubeba visahani vya buluu au vya waridi kali msimu huo. Theluji inapokuja, hubandika utepe mrefu chini ya kisahani, ili kikizama kwenye theluji laini ncha ya utepe ibaki juu.

Miti nayo hulipa gharama ya mchezo huu, na ni haki jambo hilo lisemwe bila kupunguzwa. Ile inayosimama mita chache mbele ya jukwaa, kwenye mlango wa mwanya, hugongwa mara nyingi kila siku; magome yake hubanduka, vidonda huingiza kuvu na wadudu, huku nyayo zikishindilia udongo juu ya mizizi hadi maji yashindwe kupenya. Watunzaji wa viwanja hutandaza vipande vya mbao njiani ili kupunguza mshindilio huo, na wengine huvisha mashina kinga. Hata hivyo mti mmoja wa mlangoni ukifa, mwanya wa mita 3 huwa wa mita 6, pembe ya nyuzi 4 huwa zaidi ya 8, na shimo lililokuwa likidai uamuzi huwa shimo la kurusha tu. Kwa sababu hiyo, katika baadhi ya viwanja vya msituni huonekana mche wenye kimo cha goti, umezungushiwa wavu wa waya, ukikua taratibu nyuma ya mti mzee wenye makovu ambao bado unaulinda mwanya.